Jaji Aliyebaki Chumbani

Niseme mapema tusije tukakoseana: mimi nampenda kaka yangu. Nalitanguliza hili kwa sababu nikishafika katikati mtadhani tuna ugomvi wa urithi. Hatuna. Yeye ndiye mkubwa wangu, tumenyonya ziwa moja, na nikiumwa anafika kabla ya dawa. Ila tangu tukiwa watoto namwogopa kwa jambo moja ambalo watu wengine wote wanamsifia, nalo ni haki.

Wanafunzi wake walimpa jina la Pimamaji. Anafundisha fizikia, na siku yake ya kwanza kazini aliingia darasani na kile kifaa cha mafundi ujenzi chenye kipovu ndani, akakilaza juu ya meza ya mwalimu, akatangaza kwamba meza imeinama na yeye hafundishi juu ya meza iliyoinama. Kipindi kizima kikaishia kwenye kukata kadibodi za kuweka chini ya mguu wa meza. Jina likamganda. Hata mkuu wa shule humwita hivyo, naye haoni ubaya. Nadhani analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sisi wa nyumbani tulimjua kabla ya wanafunzi. Mama akitupa chungwa, kaka ndiye aliyeshika kisu, na kipande kibovu kilikuwa chake. Utasema, mtoto mwema huyo. Subiri kwanza. Alipokuwa kijana alipuliza filimbi kwenye mechi ya mtaa, timu ya baba mdogo ikicheza, na mwishoni kabisa akawapa wapinzani penalti. Uwanja mzima uliona mpira umegonga bega. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza kama kweli aliona mkono. Akanijibu kwamba hakuona vizuri, na kwa kuwa hakuona vizuri, na wenye timu ni ndugu zake, aliona heri waumie wao. Nilikuwa mdogo lakini nilimwogopa. Baba mdogo alikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Mnanielewa? Watu wengine wakiwa na shaka humbeba ndugu. Kaka yangu akiwa na shaka humtosa ndugu, kisha anapigiwa makofi. Nyumba za walimu zilipogawiwa, yeye akiwa katibu wa kamati, alijipa ile yenye paa bovu. Wifi yangu alilea mtoto mchanga akihamisha kitanda kila mvua ilipobadili upande. Siku hizi wifi ni muuguzi katika hospitali ya mji mwingine, anakuja mwisho wa mwezi, na mimi simlaumu kwa kuuchukua uhamisho ule upesi upesi.

Mtoto wao ni mmoja tu, wa kike. Tunamwita Nati kwa sababu akiwa anatambaa alimeza nati ya baiskeli, ukoo mzima ukakaa kuingojea itoke. Ilitoka. Toka hapo hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika ndani ya nyumba ile. Alifungua redio, akafungua saa ya ukutani, akafungua kitasa cha choo mimi nikiwa ndani. Alikuwa akimwangalia baba yake anavyokaza waya, taratibu, bila kuacha ncha inayochomoza, na mikono yake ikashika mwendo uleule. Kazi ya Nati ilikuwa safi kama ya mtu mzima, na tulimsifia kwa hilo bila kujua tunasifia nini.

Mwaka wake wa mwisho shuleni aliunda timu na wenzake wawili, wasichana, wakaingia mashindano ya roboti ya shule zote. Kuna vikombe vya wanaoshinda uwanjani, lakini kilichokuwa kinamnyima Nati usingizi ni tuzo ya ubunifu, inayotolewa na majaji wakishakaa na kujadiliana. Timu inayoipata hupewa nafasi katika chuo cha ufundi, kila kitu kimelipiwa. Kwa nyumba ya mwalimu na muuguzi, mlango mwingine wa kuingia chuo kile haukuwepo. Nati alijua, wifi alijua, na kaka yangu alijua kuliko wote.

Naye alikuwa jaji. Alikuwa jaji miaka nenda rudi, na kusema kweli walikuwa hawana bora kuliko yeye. Mwaka uliotangulia aligoma kusaini matokeo mpaka majaji wenzake walipomrudishia alama mtoto mmoja aliyeshukiwa kwamba roboti yake ilitengenezwa na fundi. Mtoto mwenyewe hamjui, hajui hata kwao. Alikaa naye mezani, akamwambia afungue mashine na kuifunga upya, kisha akarudi chumbani akawaambia kwamba mtoto akisema kweli na mtu mzima anajua ni kweli, kunyamaza ni wizi. Maneno yake hayo, si yangu.

Nikamshauri mwaka huu akae pembeni. Akasema hakuna haja, kanuni ipo: jaji mwenye mtoto wake kwenye timu hutoka nje timu hiyo ikijadiliwa. Alisema kukimbia kabisa ni kujishuku. Nilimwangalia nikaona ile mechi ya mtaa imerudi usoni kwake. Nikajua mambo yataharibika.

Kwenye mashindano hayo kila meza ya timu huzungushiwa utepe wa njano sakafuni. Ndani ya utepe ni wanafunzi peke yao; mwalimu, mzazi, mfadhili, wote hukaa nje, hakuna mkono wa mtu mzima unaogusa roboti. Kaka akanunua utepe kama huo dukani, akaubandika kwenye kizingiti cha stoo ya nyuma ya jikoni, walikokuwa wakifanyia kazi wale wasichana. Wakacheka sana. Na mimi nilicheka, nikamuuliza kama na panya watajiandikisha kabla ya kupita.

Siku moja nipo pale nikichambua mchele, tukasikia Nati amepiga ukelele. Alikuwa anaunganisha nyaya kwa kile chuma cha moto, kikamtelezea kikamlamba mkono. Nikageuka. Kaka yangu alikuwa amesimama kizingitini, vidole vya miguu vimegusa utepe, jasho linamtiririka. Anasema, maji mwanangu, nenda bombani, maji mengi. Mguu hauinuki. Nilimpiga kikumbo nikaingia, nikamtoa mtoto, nikauweka ule mkono chini ya bomba. Nilipomaliza kumfunga kitambaa, baba mtu alinivuta kando. Nilidhani anataka kunishukuru. Aliniuliza kama nilipoingia niligusa roboti.

Nilimjibu kwamba nimegusa mtoto wake, kama naye yumo kwenye kanuni aniandike. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi vizuri. Ee Mola! Usiku ule sikula.

Siku ya mashindano na mimi nilikuwepo, kikazi. Napika chai na vitafunio kwa mikutano na sherehe, na nilikuwa nimeomba kazi ile kama mpishi yeyote. Waandaaji walimuuliza kaka kuhusu huduma yangu. Anakunywa chai yangu tangu nilipojifunza kuwasha jiko, lakini aliwaambia wasimuulize yeye kwa kuwa ni ndugu yangu. Wao wakaelewa kwamba chai yangu ni mbaya na anaona haya kusema. Kidogo nikose kazi. Aliyeniokoa ni karani mmoja niliyewahi kumpikia harusini, akaapa kwa mdomo wake mwenyewe kwamba chai haina tatizo. Nilimfokea kaka kwa jambo lile, akasikiliza mpaka mwisho, akasema nina haki ya kukasirika.

Bwalo la shule lilijaa. Bati juu linalia kwa joto, kipaza sauti kinakoroma, mawingu yametanda toka asubuhi na mvua hainyeshi. Kazi ya roboti ilikuwa kubeba vipande vya mbao kutoka upande mmoja na kuvipanga kwenye rafu upande wa pili. Ya akina Nati haikuwa na mbio, lakini ilikuwa na mkono waliouunda kwa nyaya za breki za baiskeli, unaokishika kipande polepole na kukiweka bila kukigusisha ukingo. Watu walikuwa wakinyamaza wakiutazama. Uwanjani wakamaliza katikati, si wa mwisho si wa kwanza.

Kabla ya mchezo wa mwisho, timu ya wavulana wa shule nyingine, waliopangwa kucheza na akina Nati, betri yao ilikufa. Kepteni wao alisimama mikono kichwani. Nati akavuka utepe wake, akaenda kuwapa betri ya akiba ya timu yake, iliyochajiwa, bila kuitwa na mtu. Wavulana wakashinda mchezo kwa betri ile. Mwenzake mmoja alimnong'oneza kitu kwa hasira, Nati akamwambia, mimi sitaki kumshinda mtu aliyezimika. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikasikia kwa masikio yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilifurahi.

Majaji walikaa maabara ya biolojia. Chumba kile sikukipenda. Madirisha yamepakwa rangi, rafu zimejaa chupa za vyura na nyoka waliolowekwa, wote wamegeuzia macho kwenye meza. Majaji walikuwa wanne: mhandisi mstaafu ndiye mwenyekiti, kuna mhadhiri wa kike kutoka chuo, mwalimu mmoja wa hesabu, na kaka yangu. Niliingia na chupa za chai wakati wanafika kwenye timu ya Nati. Kaka akainuka, akavuta kiti nyuma, akasema hii ni timu ya mwanangu, natoka.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na walilifanya kwa mapenzi. Mhandisi alicheka, akasema kama Pimamaji atatoka basi watoke wote, maana hapa nani anaweza kujisimamia kama yeye. Mwalimu wa hesabu akasema kanuni ile imewekwa kwa ajili ya watu wengine. Wakamshika bega wakamrudisha kitini. Nilitaka akatae. Nilimkazia macho huku namimina chai. Lakini kaka yangu alikuwa amekwishasifiwa, na udhaifu wake ni huo tu. Alikaa.

Walianza vizuri. Wakausifu ule mkono, wakaisifu betri iliyotolewa kwa wapinzani, mwalimu wa hesabu akasema timu gani tena inatafutwa. Kisha mhadhiri akasema, kwa upole, ana wasiwasi kidogo. Kazi ni safi mno. Nyaya zimelala kama zimepigwa pasi, hakuna ncha inayochomoza. Akasema hajawahi kuona mwanafunzi anayefunga hivyo, na kanuni inasema pasipo na uhakika, tuzo inahamia kwa timu inayofuata.  Mhandisi akamgeukia kaka.

"Pimamaji, wewe unaishi nyumba moja na mtoto. Tuambie tu. Kuna mkono wa mtu mzima?"

Jamani, neno moja. Hakuna, basi. Pale mezani hapakuwa na mtu ambaye asingelipokea, wangeandika na kuendelea na chai. Kaka alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. 

"Swali hilo," akasema, "msiniulize mimi."

Na wao wakaelewa kama waandaaji walivyoelewa habari ya chai yangu. Niliona mhadhiri anashusha macho kwa huruma. Niliona mhandisi anavua miwani na kuifuta, kama mtu aliyeona siri ya rafiki yake. Walidhani mtu mwadilifu ameshindwa kusema uongo, wakamheshimu zaidi. Na kaka yangu aliona wanavyofikiri. Hilo ndilo nisilolimeza mpaka leo. Aliona, akaacha.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikaiweka chupa chini, nikasema wale watoto wamefanya wenyewe, nimeona kwa macho yangu, huyu bwana kabandika utepe mlangoni kwake, mtoto kaungua mbele yake hakuingia. Nilisema mengi na nadhani nilipaza sauti. Majaji walinitazama kisha wakamtazama kaka, na nikajua kutoka kwenye nyuso zao kwamba nimezidisha moto: sasa ilionekana familia nzima imekuja kudai tuzo. Mwalimu wa hesabu aliuliza kama mimi na Pimamaji tuna undugu.

"Ni mdogo wangu," kaka akasema. Halafu akaniambia mimi, bila ukali, "Toka nje, mama. Hapa hupaswi kusema."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la korido, nasikia viti vinasogezwa mle ndani, wanaendelea na timu nyingine. Bwaloni wanafunzi walikuwa wanaimba. Nati alipita akanipungia mkono, akaniuliza kwa ishara kama nimesikia lolote. Nilimwonyesha kwamba naumwa na mgongo.

Tuzo ya ubunifu ilikwenda kwa wale wavulana wa betri. Kipaza sauti kilitaja, kikaongeza kwamba kuna kazi nyingine nzuri ambayo majaji hawakuweza kuithibitisha kuwa ya wanafunzi wenyewe, na kwamba majaji wanawakumbusha wazazi umuhimu wa uaminifu. Hawakutaja timu. Hapakuwa na haja, kila mtu aliyeuona ule mkono alijua. Wale wasichana wawili walilia palepale. Nati hakulia. Alikwenda kwenye mstari wa wavulana, akawapa mkono mmoja mmoja, akawaambia hongera na wasisahau kuichaji ile betri. Kepteni wao aliushika mkono wake kwa muda, akashindwa kumtazama.

Jioni tulikaa mezani watu watatu, nyumbani kwa kaka. Nilikuwa nimewapakulia na hakuna aliyekula. Nje mvua ilikuwa imeanza, na ndoo ya sebuleni, chini ya lile paa, ilikuwa inapokea matone. Kaka alikaa wima, mikono mezani. 

"Baba," Nati akasema, "nikuulize, na unijibu kama unavyojibu siku zote."

"Uliza."

"Walipokuwa wanasema kazi si yetu, ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Wewe ulijua ni yetu?"

"Nilijua."

 Ule mkono wa Nati wenye kovu la kuungua ulikuwa juu ya meza, na alikuwa anauangalia huo, hamwangalii baba yake.

"Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungesema?"

Mungu anisamehe, nilimwombea kaka yangu adanganye. Mara moja tu maishani mwake. Mtu huyu ambaye hajawahi kuidanganya hata maiti ya mama yetu, nilimwombea aseme sijui, aseme pengine, aseme labda ningeogopa vilevile.

"Ningesema," akajibu. "Ningepigana nao."

Nati aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea maelekezo ya njia. Akamshukuru baba yake kwa kumwambia kweli. Akakusanya sahani, akaziosha zote, akajifuta mikono, akaja akasimama karibu na kiti changu. Aliniuliza kama kwangu kuna kitanda.

Nikasema kipo. Aliniuliza tena kama anaweza kuja nalo leo hii sanduku lake la nguo, asingoje kesho. Nilimtazama kaka, nikangoja aseme neno la kumzuia, hata la ukali, hata amfokee, apige meza, aseme mtoto haondoki nyumbani kwangu usiku. 

"Ameshakuwa mkubwa," akaniambia mimi. "Ana haki ya kuchagua pa kukaa."

Kisha akainuka, akaenda kumtolea sanduku juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akalileta mpaka mlangoni. Akatufungulia mlango na kutushikia mwavuli mmoja mmoja mpaka sote tumetoka. Nilitamani kumzaba kofi.